VINANDA VITATU, QASWIDA MBILI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), Ahli zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo ni ndefu kidogo. Kaa chini, kama uko kazini iweke uisome baada ya Isha. Na nawaomba msiisome vipande vipande halafu mkaja kubishana na kipande mlichokisoma.

Wiki chache zilizopita, baada ya Swala ya Ijumaa, mama mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Mama mtu mzima, mkulima wa mpunga. Akaniambia, "Sheikh, naomba ukazungumze na mwanangu. Mimi ameshanishinda." Nikamuuliza, anakunywa pombe? Akasema hapana. Anavuta bangi? Hapana. Anacheza kamari za mpira kwenye simu? Hapana, Sheikh. Basi ana nini? Akasema, "Ananunua vinanda."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Alhamdulillah kwamba nilijizuia, kwa sababu lililofuata halichekeshi. Mwaka huu mama huyu alivuna mpunga, akaweka gunia sita stoo akisubiri bei ipande, ili masika yasimkute na bati lile lile linalovuja. Akaenda msibani kwa siku nne. Aliporudi gunia zilikuwa mbili. Nne zilishageuka kinanda.

Nimebadilisha mambo madogo madogo ili kijana asitambulike, na nimepata idhini ya mama na ya kijana mwenyewe kulisema hili. Jina lake halitatajwa, kwa hiyo msiniulize ndani ya ujumbe wa faragha. Anakaa upande wa Mikumi, na watu wa Mikumi mtamtafuta bure, maana vijana wa namna yake mnao wengi, na sisi wa Kilosa tunao.

Nilikwenda. Kijana alinipokea vizuri, ana adabu, akaniwekea kiti. Nikaona chumba. Wallahi, ndugu zangu, nimeona chumba. Vinanda vitatu, kimoja hakiwaki. Magitaa mawili, moja lina nyuzi nne tu. Miksa. Spika mbili kubwa na sabufa. Maiki sijui ngapi. Nyaya zimejaa kama mizizi ya mkuyu. Na juu ya vyote hivyo turubai jipya, zuri, la bluu, ili mvua isivilowanishe. Chumba cha pili anacholala mama yake, bati lile lile, hakina turubai. Kina sufuria na ndoo chini zinazokinga matone.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sijui mambo haya. Hebu nipigie kitu nisikie." Akapiga qaswida mbili. Nikazitambua. Ni zile zile mbili alizopiga kwenye maulidi miaka miwili nyuma, alipokuwa na kinanda kimoja cha mtumba. Nikamuuliza, mpya ziko wapi? Akanijibu bila kusita: "Sheikh, nikipata ile mashine ya kurekodia, ndiyo nitaanza kazi sasa."

NIKIPATA. Lishikeni neno hilo, ndilo darsa yetu ya leo.

Najua wengi wenu mnasubiri nini. Mnasubiri sheikh aseme muziki ni haramu, mseme "Allahu Akbar" kwenye maoni, kisha kila mtu aende zake akiwa salama, kwa sababu yeye hana kinanda. Sitawapa raha hiyo leo. Msimamo wangu juu ya ala za muziki mnaujua: nafuata kauli ya wanachuoni wengi wa madhehebu manne, wanaokataza ala za nyuzi na za kupuliza na kuruhusu dufu kwenye harusi na Idi. Najua pia wako wanachuoni waliosema vingine, kama Ibn Hazm, na sijawahi kumtukana mtu kwa sababu hiyo. Hilo ni somo la siku nyingine. Ugonjwa ninaouzungumzia leo unampata anayeona kinanda ni halali na anayeona ni haramu. Unampata mpiga gitaa wa baa, unampata mpiga dufu wa madrasa, na mbele huko mtaona unampata na imamu.

Ugonjwa huu Qur'ani imeutaja kwa jina. Unaitwa TAKATHUR. Ni sura nzima, sura ya 102, fupi, watoto wetu wa madrasa wanaihifadhi mapema. Mola anatuambia kwamba kushindana kwa wingi kumetushughulisha mpaka tukayafikia makaburi. Sura haikutaja wingi wa kitu gani. Haikusema dhahabu, haikusema ngamia. Imeacha wazi, na kila zama zinajaza cha kwao. Mwarabu wa zamani alijaza ngamia. Babu yako alijaza ng'ombe. Wewe umejaza vinanda, mwingine simu, mwingine majozi ya viatu.

Na Mtume (S.A.W) ametueleza, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mwanadamu angekuwa na mabonde mawili ya mali angetafuta la tatu, na hakuna kinachojaza tumbo lake ila udongo. Mtu wa Kilosa anajua bonde ni nini. Fikiria bonde zima la Mkondoa, kuanzia milimani mpaka mashamba ya Kimamba, ni lako. Unasimama juu yake unaangalia, na jicho lako liko bonde la jirani. Kijana ana vinanda vitatu na jicho lake liko kwenye simu, kwenye makundi ya kuuziana vyombo, usiku saa saba, anaangalia cha nne kilichoshuka Kariakoo.

Sasa tuingie ndani. Kwa nini mtu anakusanya?

La kwanza, KUNUNUA NI KWEPESI KULIKO KUJIFUNZA. Kutunga qaswida moja nzuri kunataka ukae, ufute, urudie, ukosee mbele ya wenzako, ukubali kwamba ulichotunga jana ni kibaya. Kununua kunataka pesa tu, na siku ile ya kununua unajisikia umefanya kazi. Umepanda basi, umekwenda mjini, umerudi na boksi, watoto wa mtaa wamekufuata. Mwili umechoka kama wa mtu aliyelima, na shamba liko vile vile.

La pili, CHOMBO KIPYA KINATUPA UDHURU. Maadamu bado kuna kitu sijapata, hakuna anayeweza kunidai matunda. Yule kijana akipata mashine ya kurekodia, niamini, atasema chumba kina mwangwi. Akiziba mwangwi atasema kompyuta ni nzito. Hii ni hila ya nafsi, na ni hila ile ile ya mtu anayesema nitaanza kuswali nikioa, nitatoa zaka nikimaliza nyumba, nitakwenda kumuona mama nikipata gari.

La tatu, TUNATAKA KUONEKANA. Siku hizi mtu anapiga picha ya vyombo vyake kabla hajavipiga vyenyewe. Vimepangwa, taa ya rangi nyuma, anaweka mtandaoni. Wenzake wanasema "mashallah, studio hiyo!" Hakuna aliyeuliza humo studio kumetoka nini.

Ndugu zangu, sauti ni amana aliyotupa Allah kabla duka lolote halijafunguliwa. Abu Musa al-Ash'ari (R.A) alikuwa akisoma Qur'ani usiku, Mtume (S.A.W) akasimama kumsikiliza, kisha akamwambia kwamba amepewa zumari katika mazumari ya watu wa Daud. Zumari hilo lilikuwa koo lake. Na Bilal (R.A) alichaguliwa kuadhini kwa uzuri na nguvu ya sauti yake, na tumepokea kwa Abu Daud kwamba alikuwa akipanda juu ya nyumba ya mwanamke wa Bani Najjar, kwa kuwa ilikuwa ndefu kuliko nyingine zilizozunguka msikiti. Vifaa vyake vilikuwa paa la jirani.

Msiseme nimetaja Maswahaba tu, hao ni watu wa daraja nyingine. Haya, njooni kwa hao hao wa muziki. Sisemi muwafuate, nasema mshuhudie. Mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa na Mbaraka Mwinshehe. Akiwa na Morogoro Jazz alifika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya 1970. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari kule Mombasa, hata miaka 40 hajafika. Wazee wenzangu mnajua, mpaka leo ukipita stendi utasikia gitaa lake kwenye redio ya mtu. Zama zile bendi nzima iligawana vyombo ambavyo vijana wa leo wangeviona takataka. Jirani zetu Wagogo walikuwa na Hukwe Zawose, aliyefariki 2003. Alifika Ulaya na zeze na ilimba, vitu vya mbao, chuma na nyuzi ambavyo fundi wa kijijini anavitengeneza. Na ninyi wa Mikumi, mbunge wenu kuanzia 2015 mpaka 2020 alikuwa Joseph Haule, mnayemwita Profesa Jay. Huyo jina lake limejengwa na maneno aliyoyapanga kinywani. Hakuna hata mmoja katika hawa aliyejulikana kwa wingi wa alivyonavyo chumbani.

Ipo hoja moja ya vijana ambayo ni ya haki, na siwezi kuiruka. Kijana yule aliniambia: "Sheikh, wewe hujui. Nchi hii mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mpigaji bila chombo chake ni kibarua." Amesema kweli. Wazee waliopiga dansi wanajua kwamba bendi nyingi vyombo vilikuwa vya taasisi au vya tajiri. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilikuwa ya shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Mwanamuziki akigombana na mwenye vyombo, anatoka mikono mitupu, hata awe amewajazia ukumbi miaka kumi. Hata leo, kwenye harusi, mwenye spika anachukua pesa yake kwanza, na mwimbaji anaambiwa asubiri.

Kwa hiyo sisemi usiwe na chombo. Fundi cherehani lazima awe na cherehani. Mkulima lazima awe na jembe. Lakini wanachuoni wetu wamegawa mahitaji mafungu matatu: dharura, haja, na mapambo. Imam Shatibi ameyaeleza kwa urefu. Kinanda cha kwanza kwa anayeishi kwa kinanda ni haja, na kinaweza kumkomboa na unyonge wa kibarua. Cha pili kinaweza kuwa haja kama cha kwanza kimekufa. Cha tatu, wakati cha pili kinawaka na bati la mama linavuja? Hicho hata mapambo sikiiti. Hicho ni ISRAFU, na Mola katika Surat Al-Israa amewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Uhuru ulioutaka umeupata kwa chombo cha kwanza. Vilivyofuata vimekurudisha utumwani, tofauti ni kwamba tajiri wa zamani ulimjua kwa sura, na tajiri wa sasa yuko ndani ya simu yako.

Na hapa ndipo nilipoumia zaidi. Gunia nne hazikutosha bei ya kinanda. Nilipomuuliza nyingine ilitoka wapi, akainamisha kichwa. Alikopa. Mikopo ile tunayoiita kausha damu. Anarudisha kila wiki, na riba juu.

Inna lillahi! Tazameni tulipofika. Kijana anakopa kwa riba, jambo ambalo Mola katika Surat Al-Baqara ametangaza vita na wanaoling'ang'ania, halafu kwa chombo hicho anakwenda kwenye maulidi kumsifu Mtume (S.A.W), aliyewalaani mla riba na mwenye kuilisha. Unamsifu Mtume kwa kinanda cha riba, na kwa mpunga wa mama ulioutoa stoo bila idhini yake. Sifa gani hiyo? Na sisi tuliokaa mbele kwenye zulia, tukamtunza noti, tukasema "mashallah kijana ana vyombo," tumeuliza vilitoka wapi? Siku ya Kiyama, hadithi ya Tirmidhi inatuambia, nyayo za mja hazitaondoka mpaka aulizwe juu ya umri wake, elimu yake, mwili wake, na mali yake: aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Kwenye mali maswali ni mawili. Kijana huyu yanamsubiri yote mawili kwa kinanda kimoja.

Sasa wazee wa kamati, msicheke. Zamu yenu.

Kuna msikiti mmoja, sitautaja, nao uko katika wilaya hii hii. Spika za adhana zilikuwa mbili, zinatosha, mtaa mzima unasikia. Wakachangisha, wakaweka nne. Msikiti wa mtaa wa pili ukaweka sita. Kamati ikakutana kwa haraka ambayo sijawahi kuiona ikikutana kwa jambo la yatima, wakaamua nane na amplifaya mpya. Wakati huo huo watoto wa madrasa wanakaa juu ya mkeka uliokatika, wanasoma juzuu moja watoto wanne, na ustadhi wao ana miezi mitatu hajapewa posho. Adhana inasikika mpaka mtoni, na waliomo ndani msikitini Alfajiri ni safu moja haijajaa. Mnatofautiana nini na kijana wa vinanda? Yeye ana qaswida mbili kwa vinanda vitatu. Ninyi mna safu moja kwa spika nane.

Na mimi? Mimi nitajisema mwenyewe kabla hamjanisema. Darsa hizi nilianza kuzirekodi kwa simu ya zamani, nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa. Mkazipenda. Nikaambiwa ninunue stendi, nikanunua. Taa ya duara, nikanunua. Maiki ya kubana kwenye kanzu, nikanunua, kisha nyingine isiyo na waya, kisha ya tatu kwa sababu niliona sheikh mmoja wa Dar anayo. Mwezi ule wa maiki ya tatu nilitoa darsa moja tu. Moja! Mwezi wa kopo la maziwa nilitoa nane. Niliporudi kutoka kwa yule kijana nilikaa kitandani nikaziangalia maiki zangu, na nikaona aibu, kwa sababu nilikwenda kwake kama tabibu na kumbe homa ni moja. Maiki mbili nimeziuza. Pesa imenunua juzuu za madrasa. Sisemi ili mnisifu, nasema ili mjue kwamba ninayewasema nami nimo.

Tufanye nini basi?

1. Kabla ya chombo kipya, lipa deni lako na tazama paa la mzazi wako. Likivuja, mjadala umekwisha.

2. Usikope kwa riba kwa ajili ya chombo. Wala kidogo, wala "mara hii tu".

3. Funga kununua siku arobaini. Katika siku hizo tumia ulichonacho. Zikiisha na bado unakihitaji, shauriana na mtu ambaye si muuzaji wala si mpenzi wa vyombo.

4. Kikiingia kimoja, kitoke kimoja. Kitoke kwa kuuzwa, au bora zaidi kwa kumpa kijana anayeanza ambaye hana, na umfundishe.

5. Tengeneza kilichoharibika. Gitaa lenye nyuzi nne linataka nyuzi mbili, halitaki gitaa la pili.

6. Jihesabu kwa kazi uliyoitoa. Mwisho wa mwezi jiulize: nimetunga nini, nimemfundisha nani, nimemkumbusha nani Mola wake? Kama jibu ni "nimenunua", lia.

Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba utajiri si wingi wa vitu, utajiri ni utajiri wa nafsi. Na katika Sahihi Muslim tunakuta kwamba mwanadamu husema mali yangu, mali yangu, na hali hana katika mali yake ila alichokula kikaisha, alichovaa kikachakaa, na alichotoa sadaka akakitanguliza. Katika mafungu hayo matatu, kinanda cha tatu utakiweka wapi?

Sisi wa Kilosa tumekwisha kuonyeshwa kwa macho. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 maji yalipotuingilia, hata reli ya kati ikang'oka, watu walitoka majumbani na watoto mgongoni. Waliokaa kwenye mahema wanajua nini kilibebwa na nini kiliachwa. Siku ya kufa ni nyepesi zaidi, hakibebwi hata kilicho mkononi.

Namalizia na wewe, mwanangu wa Mikumi, maana najua utasoma. Najua umenikasirikia. Ijumaa mbili sikukuona. Juzi mama yako alinipigia, akasema umeuza kinanda kimoja na umelipa sehemu ya mkopo, lakini bati bado. Alhamdulillah kwa hilo moja. Sikuja kwako kwa sababu huna kipaji. Nimekuja kwa sababu unacho, nilikisikia miaka miwili iliyopita kwenye kinanda kibovu cha mtumba, na toka wakati huo umekifunika turubai pamoja na vyombo vyako. Litoe lile turubai ulipeleke chumba cha mama mvua hizi hazijaanza, ulifunge vizuri juu ya kitanda chake. Kisha umwombe msamaha wa zile gunia nne, kwa mdomo wako, maana haki ya mama hailipwi kwa kunyamaza. Ijumaa nitakuwekea nafasi safu ya mbele.

Ewe Mola wetu, tukinaishe kwa ulichoturuzuku. Tuondolee takathur katika nyoyo zetu, katika majumba yetu na katika misikiti yetu. Wafungulie waliofungwa na madeni ya riba. Wahurumie mama zetu, na utujaalie tuwe wa kuwastiri, tusiwe wa kuwavujishia. Amin.

Ukimjua mwenye ugonjwa huu mtumie, lakini kwanza hesabu vya kwako.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.